Rosina Akodi Mabuti

Kwa watu wa kijiji cha Obernaus, asiyejua kuteleza kwenye theluji ni mgeni, mtoto mchanga, au padri mpya. Hakuna wa nne. Kwa hiyo Rosina, mpishi wa nyumba ya wageni ya ukoo wa Hinterkogler, dada wa wanaume watano waliojaza kabati zima vikombe vya mashindano, alifikisha miaka hamsini na saba bila kuwahi kuvaa ski, zile mbao ndefu za kutelezea, hata mara moja, na hapakuwa na mtu aliyejua. Wala si kwamba alikuwa hodari wa kuficha. Hakuna aliyewahi kufikiria kuuliza.

Mambo yalianza kwa bahati mbaya tu. Mwaka ambao darasa lao lilipelekwa mlimani kufundishwa, Rosina alikuwa kitandani na surua. Mwaka uliofuata mama yake alikuwa na mimba ya kitinda mimba, na mtu wa kumenya viazi alitakiwa. Baada ya hapo wageni wakaanza kumiminika kila majira ya baridi, na majira ya baridi kwa Rosina yakawa jina jingine la jikoni: supu, kabichi, matonge ya mkate yaliyochanganywa na nyama ya nguruwe ya kukaushwa, na sufuria zisizokwisha. Kaka zake waliondoka asubuhi wakirudi jioni na mashavu mekundu, na kila kaka aliamini kwamba Rosina huteleza na kaka mwingine.

Hilo lingesameheka. Kisichosameheka ni ule ushauri wake. Wageni wakimaliza chai ya asubuhi walikuwa wakimwita, "Bi Rosina, leo theluji nzuri iko wapi?" Naye alikuwa akifuta mikono kwenye aproni, akisogea dirishani, akikunja jicho moja kama nahodha. "Pandeni upande wa kaskazini, mapema. Jua likishapiga, kule kusini itakuwa uji." Yote hayo aliyaokota kwenye mazungumzo ya kaka zake juu ya sahani za supu. Wageni walirudi wakimsifu. Kulikuwa na bwana mmoja wa Hamburg aliyemwita mwalimu, na Rosina akalipokea jina hilo bila kupepesa, Mungu amsamehe.

Basi, Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mambo yakamgeukia. Aliyeyageuza ni Vinzenz.

Vinzenz alikuwa dereva wa ile mashine kubwa inayosawazisha theluji mlimani watu wakishalala. Alikuwa mjane, mwenye masharubu ya kijivu na maneno machache, na kila alfajiri akitoka kazini alisimama kwenye mlango wa nyuma wa jiko akanywa kahawa yake wima. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa amemwambia Rosina kwamba kahawa ni moto, kwamba kahawa ni nzuri, na mara moja, siku ya Krismasi, kwamba gauni ni zuri. Jumatatu hiyo alikizungusha kikombe mkononi mpaka kahawa ikamwagika.

"Rosina, Jumapili sina zamu."

"Hongera."

"Nilikuwa nasema, tungeenda kuteleza pamoja. Mimi na wewe. Tushuke taratibu mpaka kibanda cha juu, nikununulie zile chapati za mayai na mchuzi wa plamu."

"Ndiyo," alisema Rosina, haraka kiasi kwamba ilikuwa kama alimkata kauli. Vinzenz alipoondoka, aliingia stoo, akafunga mlango, akarukaruka kama msichana aliyetoka kuvishwa pete. Kisha akaketi juu ya gunia la unga, na furaha ikamshuka mpaka miguuni. Angeteleza na nini? Alimtaka mwanamume huyu, hilo hakulificha hata moyoni mwake. Na Jumapili mwanamume huyu angegundua kwamba amekuwa akinywa kahawa ya mwongo.

Kesho yake alitangaza kwamba jino linamuuma. Akapanda basi hadi bonde la pili, ambako hakuna anayemjua, akaingia duka la kukodisha vifaa la mwanamke aitwaye Gerlinde.

Hapa ieleweke: mtu wa Obernaus hakodi. Ana mabuti yake, au ya marehemu baba yake, au ya shemeji. Vya kukodi huvaliwa na wageni, na kila buti la kukodi lina namba kubwa ya njano kisiginoni ili lisipotee. Obernaus huwaita wageni hao "watu wa namba", na anayelisema hushusha midomo yake kidogo. Rosina mwenyewe alikuwa amelisema mara nyingi tu.

Gerlinde alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya fundi seremala na ulimi usiokwenda likizo. Rosina aliposema "habari za asubuhi" tu, tayari lafudhi ilikuwa imemuuza.

"Wewe ni wa Obernaus! Wa ukoo gani?"

"Hinterkogler," alisema Rosina, akajuta papo hapo.

"Usiniambie! Una undugu na Kassian?"

"Kaka yangu mkubwa."

Gerlinde akapiga mluzi. "Dada yake Kassian anakodi dukani kwangu! Kulikoni? Mabuti yako yameibwa?"

"Yamepasuka."

"Yote mawili?"

"Yote mawili," alisema Rosina, na shingo yake ikawa nyekundu kama bitiruti.

Gerlinde hakuuliza zaidi. Na hilo ndilo kosa la watu wa mabonde yale: mgeni hupewa vifaa vya mwanafunzi kabla hajafungua kinywa, na mwenyeji hupewa vya bingwa kabla hajakifunga. Alikwenda nyuma akarudi amebeba mabuti meusi ya mashindano, magumu kama ndoo za chuma, na ski ndefu zilizompita Rosina kimo.

"Kiwango chako sikuulizi, itakuwa ni kukutukana."

"Itakuwa," Rosina alikubali, kidevu juu.

"Lakini uzito lazima. Vibanio vinavyoshika buti kwenye ski vinapimwa kwa uzito. Kilo ngapi?"

"Sitini."

Gerlinde akamtazama kutoka juu mpaka chini, bila haraka.

"Sitini na tano," alisema Rosina.

Gerlinde akaendelea kumtazama.

"Sabini na nane, na ukilitangaza naondoka."

"Sasa tunaelewana. Kaa, vaa."

Rosina akaketi. Akavua viatu vyake. Ndani alikuwa amevaa soksi jozi mbili za sufu nzito, alizofuma mwenyewe kwa mtindo wa bibi yake, na juu ya soksi suruali ya ndani imeviringishwa mpaka ikafanya bonge la nguo kwenye kifundo cha mguu. Gerlinde aliinua nyusi. Rosina akasukuma mguu wa kulia kwenye buti. Buti likakataa. Akasukuma tena, akishika benchi, akitoa sauti ambazo ng'ombe hutoa wakati wa kuzaa. Mguu ukaingia. Akafunga bizimu, akasimama, akaegemea nyuma kama mtu anayeamini kwamba kiti bado kipo.

"Mama," alisema Gerlinde polepole, "hilo ni la kushoto."

"Ndivyo ninavyopenda."

"Haya. Kunja magoti mbele."

"Mbele wapi?"

Gerlinde akachuchumaa mbele yake, mikono juu ya mapaja, akamtazama usoni.

"Mwenzangu, niambie ukweli. Mara ya mwisho kuteleza ilikuwa lini?"

"Bado," Rosina alinong'ona.

"Bado nini?"

"Bado sijaanza."

Gerlinde alijikaza. Alijikaza kweli, aliuma hata kola ya sweta lake. Kisha kicheko kikamtoka kikatikisa ski ukutani, akaketi chini sakafuni, akapiga ubao kwa kiganja. "Mabuti yote mawili yamepasuka! Ndivyo ninavyopenda!" Rosina alitaka kulia, lakini alipojiona kwenye kioo, buti la kushoto mguu wa kulia, macho yamemtoka, naye akaangua kicheko. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kwa mara ya kwanza maishani kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyejua, na dunia haikuanguka. Rosina alihisi mwepesi hata akaogopa.

Gerlinde ndiye aliyenyamaza kwanza. Akafuta machozi, na sauti yake ikabadilika.

"Sasa nisikilize, na usinikasirikie. Ukianguka, vibanio vinatakiwa vikuachie. Vya bingwa vinakazwa sana, kwa sababu bingwa anakwenda kasi. Ningekupa hivi, ungeanguka, ski ingegoma kutoka, na mguu wako ungevunjika kama kijiti. Kibanio hakijui ukoo wako. Hakijui kikombe cha Kassian. Kinajua kilo na kiwango tu. Kwa hiyo nauliza sasa, na jibu kwa sauti: kiwango gani?"

"Mwanafunzi," alisema Rosina.

"Sijasikia."

"Mwanafunzi! Sijui kitu! Sijui hata mbele ni wapi!"

"Safi sana. Vua soksi hizo."

"Hizi nimefuma mwenyewe."

"Ni nzuri, zivae kanisani."

Akampa jozi moja tu ya soksi, nyembamba kama za harusi, akaikunja suruali ya ndani juu ya goti. "Ndani ya buti, soksi tu. Soksi nene hukatiza damu, na mguu hupata baridi zaidi." Akausimamisha mguu juu ya kipimo, mmoja, kisha wa pili, kwa sababu miguu hailingani. Akaleta buti jingine, laini, akatoa kitambaa chake cha ndani chote, akamwambia Rosina aingize mguu kwenye ganda tupu mpaka vidole viguse mbele. Akapenyeza vidole vyake viwili nyuma ya kisigino. "Nafasi ndiyo hii. Watu wote wanataka buti kubwa, eti raha. Buti kubwa ni raha dukani tu. Ukifika juu mguu unaogelea na wewe unabaki abiria."

Akarudisha kitambaa, akamvisha. "Gonga kisigino chini. Tena. Funga bizimu za juu kwanza, za chini baadaye, bila hasira. Simama. Vidole vinagusa mbele?"

"Vinagusa. Vinabanwa!"

"Ngoja. Sasa kunja magoti, sukuma muundi wa mguu kwenye ulimi wa buti."

Rosina akakunja. Vidole vikarudi nyuma vyenyewe, vikapata pa kukaa. Kisigino kikatulia chini. Mguu mzima ukawa umekamatwa kila upande, bila kuumizwa, kama mkono wako unavyokamatwa na mtu aliyefurahi kweli kukuona. Akainuka, akakunja tena. Akainuka, akakunja. Akaanza kucheka peke yake katikati ya duka, akicheza juu chini kama mtoto kitandani.

"Dada, limenikaa!"

"Limekukaa," alisema Gerlinde. "Sasa nikupe ski fupi, zisipite kidevu, na saa tisa nikifunga duka nakupeleka kwenye mteremko wa nyuma. Dada yake Kassian simwachii mtu mwingine, hii sitaikosa."

Ndivyo jino la Rosina lilivyouma Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Kila alasiri alipanda basi, na kila alasiri Gerlinde alimpigia kelele kutoka chini ya mteremko. "Ncha zikutane, visigino vitawanye! Usikalie choo!" Rosina alianguka mbele, akaanguka nyuma, akaanguka akiwa amesimama tu haendi popote. Kila alipoanguka vibanio viliachia, naye alilala kwenye theluji akicheka na kuzihesabu nyota za mchana. Siku ya tatu aligeuka kushoto kwa makusudi. Aliporudi nyumbani alikuwa anaimba, tena anachechemea.

Kassian, aliyekuwa mezani na supu yake, alimtazama kwa wasiwasi. "Hilo jino limefika mguuni?"

"Mizizi yake mirefu," alisema Rosina.

"Meno ya nyuma ni mabaya," Kassian alikubali, akamsogezea mkate laini.

Jumapili ikafika, anga la buluu, ibada imekwisha, na Obernaus nzima ikawa inaelekea kwenye lifti ya viti inayopandisha watu mlimani. Rosina alisimama katika chumba cha mabuti cha nyumba yao. Ya kukodi aliyaficha ndani ya kikapu, chini ya taulo. Mbele yake, ukutani, yalining'inia mabuti ya Hedwig, mke wa Kassian, meupe, ya kung'aa, ya ubingwa, na Hedwig mwenyewe alikuwa na mafua kitandani.

Alijaribu. Asingekuwa binadamu kama asingejaribu. Aliyavaa, akasimama, na kisigino kikapanda na kushuka ndani. Mguu uliogelea. Lakini yalipendeza! Akiwa nayo angepita kijijini kama mtu wa ukoo wake, na labda, kwa bahati, angeweza kumwambia Vinzenz kwamba goti linamsumbua, washuke kwa lifti. Angebaki na heshima yake. Angebaki na uongo wake pia, na wiki ijayo angetafuta jino jingine. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akayavua mabuti meupe, akayatundika mahali pake, akavuta soksi nyembamba, akagonga visigino sakafuni. Bizimu za juu kwanza.

Alitoka nje, ski begani, akapita katikati ya kijiji kakaka-kakaka, namba 41 ya njano kwenye kila kisigino, na aliwasikia watu wakinyamaza nyuma yake, nyumba baada ya nyumba. Mke wa mwokaji alisahau kumaliza salamu. Rosina aliona aibu hata masikio yakawaka, na wakati huo huo alitamani kucheka kwa nguvu. Hakuwahi kujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa pamoja tumboni.

Vinzenz alikuwa anamngoja kwenye lifti. Macho yake yalishuka mpaka kwenye visigino. Kabla hajafungua kinywa, Rosina akasema yote kwa pumzi moja, kwa sauti, na foleni nzima ikageuka.

"Vinzenz, sijui kuteleza. Nimeanza Jumanne. Hizi ni za kukodi. Kwenye kibanda cha juu siwezi kufika, naweza kufika pale kwenye kituo cha kati cha lifti, na kugeuka naweza kushoto tu. Kama unataka kurudi nyumbani, rudi."

"Najua," alisema Vinzenz.

"Unajua nini?"

"Kwamba hutelezi." Akakuna masharubu. "Miaka yote hii natengeneza huu mlima, Rosina. Kabla sijausawazisha nauona jinsi mlivyouacha. Kaka yako anakata kama kisu. Hedwig anaburuta mguu wa kushoto. Mwokaji anakwenda kwa woga. Kila mtu wa hapa namjua kwa alama zake. Za kwako nimezitafuta, msimu hadi msimu. Sijaziona."

Rosina akamtumbulia macho. "Na ukanialika hivyo hivyo?"

"Ndiyo maana nikakualika. Nilitaka nikufundishe mimi." Akatazama tena namba za njano, kwa wivu kidogo. "Kumbe nimechelewa."

"Mbona hukusema?"

"Niseme vipi? Nikuaibishe kwenye mlango wa jiko lako, na kahawa yako mkononi?"

Wakapanda mpaka kituo cha kati tu. Huko juu Rosina aliona nyumba yao, ndogo kama kiberiti, na bomba la moshi la jiko lake likitoa moshi, na kwa mara ya kwanza aliliona jiko hilo kutoka nje. Akakutanisha ncha za ski. Akakunja magoti mbele, na alijua mbele ni wapi. Akajiachia.

Alishuka polepole mno. Konokono mwenye haraka angempita. Lakini Rosina mwenyewe aliona anaruka. Alipiga yowe la furaha tangu juu mpaka chini, "Pisha! Jamani pisha! Sigeuki kulia!", na mabingwa wa Obernaus wakakimbia kila upande kama kuku. Nyuma yake Vinzenz alicheka, na watu waliapa baadaye kwamba hawakuwahi kusikia sauti yake ikiwa kubwa vile. Chini, mbele ya lifti, alisimama Kassian. Hakupisha, kwa sababu alikuwa amepigwa na butwaa, na Rosina akasimama kwa njia pekee iliyobaki: akamkumbatia kiunoni.

"Rosina," alisema Kassian, akiangalia visigino, "mbona umevaa namba?"

"Kwa sababu najifunza."

"Unajifunza nini?"

"Kuteleza, Kassian!"

"Lakini wewe huteleza na mdogo wangu Leonhard."

"Leonhard anadhani nateleza na wewe. Muulize."

Kassian akatazama juu mlimani alikokuwa amekulia, kisha akamtazama dada yake, na ilionekana kwamba anarudi nyuma mwaka hadi mwaka, akimtafuta Rosina kwenye kila mteremko, na hampati.

"Hatukukuuliza," alisema mwishowe. "Hata siku moja hatukukuuliza twende."

Hasira ilimpanda Rosina hapo, ya majira yote yale ya baridi pamoja, ikafika kooni. Angeweza kuitema. Lakini Vinzenz alikuwa tayari amesimama kwenye foleni, akipunga mkono wote, na kiti chao kilikuwa kinakuja. Akamwachia Kassian kiuno.

"Narudi juu," alisema. "Leo supu ni yako."

"Yangu? Rosina! Mimi sijui kupika!"

"Basi anza!" alijibu akiwa tayari kando ya Vinzenz, na kiti kikawanyanyua.